Kosa la 502 baada ya kupandisha toleo la seva: anzia kwenye logi

Ndugu, umeeleza kwamba tovuti yako ilianza kutoa kosa la 502 (yaani seva ya mbele haikupata jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake) mara tu ulipopandisha mfumo wa seva kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, na kwamba amri ya kukagua nginx, programu inayopokea maombi ya wanaotembelea tovuti, yaani nginx -t, inajibu kuwa mipangilio ni sawa. Nami lilinikuta hilohilo, likanikesha usiku mzima.

Amri hiyo hukagua zaidi sarufi ya mipangilio; haiulizi kama programu iliyo nyuma ya nginx inaitika. Fungua logi, yaani faili la kumbukumbu za makosa, /var/log/nginx/error.log, kwa tail -f (amri inayoonyesha mistari mipya inapoandikwa), kisha pakia ukurasa upya na utazame namba iliyomo kwenye mabano ya mstari mpya: 2 ina maana kwamba soketi (faili maalumu ambalo nginx hulitumia kuwasiliana na programu hiyo) haipo, 13 kwamba ipo lakini nginx imenyimwa ruhusa, na 111 kwamba hakuna programu inayosikiliza hapo.

Kwangu ilikuwa 2. Ubuntu 20.04 huja na PHP (lugha ya programu za tovuti) 7.4, na 22.04 huja na 8.1, ilhali mipangilio yangu ilikuwa bado inaelekeza kwenye /run/php/php7.4-fpm.sock, soketi ambayo haikuwapo tena. Nilisahihisha namba, nikaiwasha nginx upya, na bado logi ikaendelea kutaja 7.4! Saa zangu zote ziliishia hapo. Faili nililokuwa nikilihariri lilikuwa katika folda ya sites-available, lakini nginx husoma folda ya sites-enabled, ambamo kwa kawaida huwekwa kiungo tu (njia ya mkato) cha faili hilo. Aliyeiandaa seva kabla yangu alikuwa amenakili faili zima, hivyo masahihisho yangu hayakuwa yakisomwa kabisa. Kilichonifumbua macho ni amri hii, yenye T kubwa, ambayo huonyesha mipangilio kama nginx inavyoisoma, pamoja na jina la faili ilimotoka:

sudo nginx -T | grep -E 'configuration file|fastcgi_pass'

Niliifuta ile nakala, nikaweka kiungo kwa ln -s, nikaiwasha nginx upya, na tovuti ikarudi papo hapo.

Ukikuta 13, tafadhali usikimbilie chmod 777 (amri inayompa kila mtu ruhusa zote); badala yake linganisha listen.owner na listen.group, yaani mmiliki na kikundi cha soketi, katika mipangilio ya PHP-FPM (programu inayoendesha PHP nyuma ya nginx) na mtumiaji anayeendesha nginx, ambaye kwenye Ubuntu ni www-data. Tuwekee hapa mstari wako wa logi, ukishaficha jina la tovuti na anwani za IP, tuutazame pamoja.