Mawe ya kubandika hayaondoi unyevu ukutani

SWALI: Injinia, shikamoo. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, ya matofali ya kuchoma. Ni mwaka wa nne sasa, na plasta ya nje inabanduka kwa chini, usawa wa magoti. Fundi anasema nikibandika mawe nyumba nzima tatizo litakwisha. Mke wangu anataka tubandue plasta tuache matofali wazi. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujanunua jiwe hata moja, chuchumaa pale plasta ilipobanduka. Ukikuta unga mweupe, hiyo ni chumvi. Na kama alama ya unyevu inakwenda sawasawa ukuta mzima bila kupita mita moja kwenda juu, maji yanatoka ardhini. Ile karatasi nyeusi ya dipisii, ya kuzuia maji ya ardhini yasipande, inayolazwa juu ya msingi, angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi, ama haikuwekwa, ama imechanika, ama mmerundika udongo wa maua mpaka ukaipita. Tofali hunyonya maji, maji yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki na kuisukuma plasta itoke.

Sasa fundi wako anataka kuufunika ukuta huo kwa mawe! Jambo hili naliona kila msimu wa mvua na linaniudhi sana. Maji yakizibwa nje hayarudi ardhini. Yanapanda zaidi, halafu yanatokea ndani, nyuma ya kabati na kitanda cha watoto. Wengine wanaongeza vanishi juu ya mawe ili yang'ae, na hapo ukuta hauna tena pa kupumulia. Fundi analipwa kwa mita ya mraba. Atakapoitwa tena, namba yake haipatikani.

Kuna na uzito. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu saruji. Mzigo huo unataka kuuning'iniza kwenye plasta iliyokwisha kuachia, tena Kasese, kwenye bonde la ufa. Wazee wa Rwenzori wanalikumbuka tetemeko la Machi 1966, na lile la Kisomoro la Februari 1994. Mawe yaliyoshikwa na saruji peke yake huanguka, na watoto hucheza chini ya ukuta.

Mkeo yuko karibu zaidi na ukweli, ila kwa masharti. Toboeni plasta sehemu chache muone mlichonacho. Tofali lililoiva ukiligonga hulia kwa sauti kali. Lisiloiva hutoa sauti butu na hukwaruzika kwa ukucha. Yale ya pembeni mwa tanuri mara nyingi huwa hayajaiva, na plasta ndiyo iliyoyaficha. Kama matofali ni mabivu na maungio kati yake ni ya saruji, yaacheni wazi, mjaze maungio upya, na paa litokeze vizuri nje ya ukuta. Kama yaliungwa kwa udongo, msithubutu: mvua itakula maungio. Hapo pigeni plasta mpya yenye chokaa, ukuta uweze kukauka.

Lakini lolote mtakalochagua, dawa ya maji kwanza. Ondoeni udongo uliorundikana, chimbeni mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali. Kama dipisii haipo, muashi akate maungio kipande kwa kipande, kila kipande kisizidi mita moja, alaze karatasi, ajaze, asubiri ikaze ndipo aendelee. Anzeni Juni, mvua zikipungua, na mwache ukuta ukauke miezi kadhaa kabla ya kuugusa tena.

Nawaambia na wasomaji wengine, wa Arua hadi Busia: mtu akija na sampuli za mawe, au na dawa ya kupaka inayomaliza unyevu kwa siku moja, mwulizeni maji yanatoka wapi. Akishindwa kuwaonyesha kwa kidole, msimpe hata shilingi ya kutangulia.