Kisiwa cha Msumbiji: Safari Niliyoipata Baada ya Kunyimwa Viza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro, binti ambaye amedunduliza fedha kwa miaka miwili ili afanye safari yake ya kwanza ya nje ya nchi, akiniomba nimchagulie kati ya Paris, Dubai na kisiwa cha Santorini huko Ugiriki. Nilikaa na ujumbe huo siku tatu bila kuujibu. Orodha yake ilikuwa orodha yangu mwenyewe ya mwaka 2023, jina kwa jina, na yaliyonipata kwa ajili ya orodha hiyo bado yananiuma.

Mwaka ule niliomba viza ya nchi moja ya Ulaya. Nilipeleka taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, bima ya safari na hata hati ya kiwanja changu, kwa kuwa rafiki alinishauri kwamba kiwanja humshuhudia mtu kuwa atarudi kwao. Baada ya wiki tatu nilirudishiwa pasipoti pamoja na karatasi yenye visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama kilisema kwamba nia yangu ya kuondoka kabla ya viza kwisha haikuaminika. Ada haikurudishwa. Nimefanya kazi tangu nikiwa na umri wa miaka 22, sijawahi kukwepa deni la mtu, lakini karatasi ile ilinihesabu kuwa mtoro kabla sijapanda ndege. Wazazi wangu sikuwaambia hadi miezi miwili ilipopita.

Likizo ilikuwa imekwisha kuidhinishwa, na sehemu ya akiba ilibaki. Kwa uchungu zaidi kuliko kwa hekima, nilitafuta mahali ambapo Mtanzania hahitaji kumwomba mtu viza kwa matembezi mafupi, nikakumbuka mstari mmoja wa somo la historia: mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga katika kisiwa kidogo kilichokuja kuipa jina nchi nzima ya Msumbiji. Nilifika Nampula kwa ndege, kisha nikapanda basi dogo, ambalo wao huliita chapa, kwa takribani kilomita 180 hadi pwani.

Kisiwa chenyewe, ambacho wenyeji kwa Kimakhuwa hukiita Omuhipiti, kina urefu wa kilomita tatu hivi na upana usiofika kilomita moja. Kilikuwa makao makuu ya utawala wa Kireno katika Afrika Mashariki hadi mwaka 1898, mji mkuu ulipohamishiwa kusini, mahali panapoitwa Maputo leo, na mwaka 1991 kikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Pamoja na sifa hizo zote, asubuhi niliyoingia katika ngome ya São Sebastião nilikuwa mgeni peke yangu. Ujenzi wa ngome hiyo ulianza mwaka 1558, na Waholanzi waliizingira mwaka 1607 na tena mwaka 1608 wasiweze kuitwaa. Kisiwa hakina chemchemi, kwa hiyo ngome ilijengwa ikusanye maji ya mvua na kuyahifadhi katika birika kubwa. Nyuma yake, kwenye ncha ya kisiwa, lipo kanisa dogo la mwaka 1522 ambalo hutajwa kuwa jengo kongwe zaidi la Wazungu lililosimama hadi leo katika nusu ya kusini ya dunia.

Mlinzi aliponielekeza huko alisema "igreja", yaani kanisa, nami nikasimama pale pale kwa kuwa ndilo neno lililotupa sisi "gereza". Wareno walijenga makanisa yao ndani ya ngome, na mababu zetu waliokuwa wakifungiwa humo wakaliita jengo zima kwa jina la kanisa. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote, na asili yake nilikuwa nimeisoma tu. Siku ile niliishika kwa mkono ukutani. Sidhani kama mnara wa Paris ungeweza kunipa kitu cha aina hiyo.

Upande wa kusini ni mji wa makuti, na wenyeji hutumia neno lile lile, ingawa wao huliandika macuti. Mji huo umekaa bondeni kwa sababu mawe ya kujengea mji wa mawe wa kaskazini yalichimbwa hapo, hivyo mtu akipita barabarani macho yake huwa sawa na mapaa ya nyumba za watu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushukia huko. Nilitembea sehemu hiyo kwa siku mbili, nikaona kwamba historia yote ya kisiwa imeandikwa katika tofauti hiyo ya kimo, na kwamba mgeni anayepiga picha upande wa kaskazini tu huondoka na nusu ya habari.

Mama mwenye nyumba niliyofikia hakujua Kiswahili wala mimi sikujua Kireno, lakini "salama" ilitosha kufungua mlango. Alinipikia matapa, yaani mboga ya majani, ya siri-siri, jani linaloota ufukweni, kwa tui la nazi na korosho. Jioni moja alinipeleka kuwatazama wanawake wakicheza tufo, ngoma ambayo sikio la Mswahili husikia ndani ya jina lake dufu letu, wakiwa wamevaa sare za kapulana, vitambaa mfano wa kanga zetu, na nyuso zao zimepakwa mussiro, unga mweupe wa mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji. Hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini. Niliporudi chumbani nililia, na sioni haya kuyaandika haya, kwa kuwa baada ya karatasi ile ya visanduku nilikuwa nimeanza kuamini kwamba dunia ina milango ya watu wengine tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni kwamba usichague safari kwa kuhesabu picha ulizoziona za mahali fulani. Picha nyingi huonyesha mahali watu wengi walikosimama, hazionyeshi kama wewe utapata chochote ukisimama hapo. Chagua mahali panapohusiana na jambo unalolijua tayari, kisha ukae siku nyingi pahali pamoja. Mimi nilikaa siku tisa. Tunajinyima miaka miwili kisha tunazipeleka fedha zile kupanga foleni nyuma ya maelfu ya watu, ilhali bahari yetu wenyewe ina miji ambayo Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, aliisifu. Yeye alifika Kilwa mwaka 1331, na ni Watanzania wangapi wamevuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani kuuona msikiti mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa? Sur, huko Omani, ambako majahazi yaliundwa kwa vizazi na vizazi, ni mji mwingine ningeuweka mbele ya Dubai bila kusita, na huko unaweza kukutana na mzee atakayekujibu kwa Kiswahili.

Ukiamua kwenda Kisiwa cha Msumbiji, nenda kati ya Mei na Oktoba, kwa kuwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni ya vimbunga, na kile cha Gombe kiliipiga pwani hiyo vibaya Machi 2022. Usipite nchi kavu kutoka Mtwara kwa Daraja la Umoja, hata kama nauli itakushawishi, maana njia hiyo hupita mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017. Panda ndege hadi Nampula. Beba meticais, fedha za Msumbiji, taslimu, na ujifunze maneno ishirini ya Kireno. Meza, leso na bendera unayo tayari.

Daraja la kuingilia kisiwani lina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na upana wa gari moja, na magari hupishana kwenye sehemu maalumu zilizopanuliwa. Mwombe dereva akushushe upande wa bara alfajiri ambayo maji yamekupwa, uvuke kwa miguu, kwa kuwa saa hiyo wanawake huwa wameinama chini yako wakiokota chaza, na wakikusalimia utakijua cha kuwajibu.