Databezi ipi ibaki, ipi tuiache?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msaidizi wa maktaba kwenye chuo kimoja hapa Iringa. Tunalipia databezi mbili za majarida ya mtandaoni, sasa bajeti imepunguzwa na bosi anataka namba za matumizi ndo aamue ipi ibaki. Muuzaji mmoja kaleta namba kubwa mno, mwingine ndogo. Nifuate hizo namba?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, afadhali umeuliza kabla hujampelekea bosi. Muulize kwanza huyo wa namba kubwa, hiyo ni ripoti ya COUNTER au kajihesabia mwenyewe? COUNTER ni kanuni ya kuhesabu matumizi waliyokubaliana wachapishaji na maktaba, mradi ulianza 2002, toleo la 5 likaanza kutumika 2019 na sasa ni 5.1 tangu 2025. Bila hiyo mmoja anahesabu kila ukurasa uliofunguliwa, mwingine makala zilizosomwa, hapo hulinganishi kitu.

Ni kama meza ya parachichi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, wapo wanaobonyezabonyeza na kuuliza bei wakapita zao, wapo wanaoondoka nazo. Ripoti inawatenganisha, aliyeishia kwenye muhtasari na aliyefungua makala nzima. Wewe shika safu ya Unique_Item_Requests, hapo mtu akifungua makala ileile mara tatu kwa kikao kimoja inahesabiwa moja tu. Ndo ugawanye bei kwa idadi hiyo: tuseme ya milioni 6 imefunguliwa makala 300, kila moja imewagharimu 20,000, na ya milioni 4 yenye makala 2,000 ni shilingi 2,000 tu. Chukua mwaka mzima, siyo miezi ambayo chuo kimefungwa.

Ila nakusihi omba na ripoti ya waliokataliwa, hii wengi wanaisahau. Inaonyesha watu wenu walitaka nini kikagoma, ama hamjakilipia au nafasi za kuingia kwa pamoja zimejaa. Hao wamekuja na hela wakakuta meza tupu, na muuza parachichi anayejua kazi hao ndo anawafikiria akienda Rungwe kufunga mzigo.

Na ukikuta databezi ina sifuri usiikate kabla hujaijaribu mwenyewe kwenye kompyuta ya wanafunzi. Nilishakuta sehemu matumizi yamelala miezi, kumbe walibadilisha laini ya intaneti na anwani mpya ya IP, ile namba ya mtandao ambayo muuzaji anaitambulia chuo, hakuna aliyempelekea, wanafunzi wanagonga mlango uliofungwa wakidhani maktaba haina kitu, na hela imeshalipwa. Iliniuma sana. Ukishazipata ripoti zote nitumie, tuzipitie pamoja.