Kama hatukuwa na viwanda, nani alifanya Mapinduzi?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Nasoma kidato cha sita, Chake Chake. Tunafundishwa kuwa mapinduzi huletwa na tabaka la wafanyakazi, na sisi hatukuwa na viwanda vya maana. Basi Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliletwa na tabaka gani? Na mbona hayakuanzia Pemba?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwetu tabaka litafute shambani kwanza. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wengi Unguja walibaki katika mashamba yale yale ya karafuu, wakawa maskwota. Walipalilia mikarafuu ya mwenye shamba, naye akawaachia walime muhogo na mbaazi baina ya miti. Mti wa kudumu hawakuruhusiwa kupanda, kwani mwenye mti ana haki ya kudai. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka uchaguzi wa 1957. Baada ya hapo wenye mashamba, wengi wao watu wa Hizbu, yaani chama cha Zanzibar Nationalist Party, wakaanza kuwafukuza maskwota walioiunga mkono ASP, chama cha Afro-Shirazi. Mtu anafukuzwa na muhogo wake bado uko ardhini! Kwangu mimi, ufa mkubwa ni huo.

Mjini walikuwepo wachukuzi wa bandarini, ambao mgomo wao wa 1948 uliusimamisha mji, na vijana wasiokuwa na kazi. Julai 1963 ASP ikapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na polisi waliotoka bara wakaachishwa kazi. Kambi ya polisi ya Ziwani ilipovamiwa usiku wa kuamkia 12 Januari, watu wenye uchungu hawakuhitaji kutafutwa.

Ila usiandike tabaka peke yake. Wamanga, yaani Waarabu waliotoka Omani, wengi wao wenye viduka vya shamba, hawakuwa makabaila wenye mashamba makubwa, na waliuawa. Kabila na tabaka vilishafungwa pamoja, na ni haki ya wale marehemu tuliseme hilo wazi.

Ama Pemba, kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na huko Wapemba wenyewe wengi walimiliki mikarafuu yao, japo michache. Masikini wa Pemba alikuwa na mti wake na mavuno yake. Ndiyo maana ZPPP, chama cha Zanzibar and Pemba People's Party kilichokuwa na nguvu kwenu, iliweza kuungana na Hizbu, jambo ambalo skwota wa Unguja asingelikubali.