Maswali na majibu: IELTS, tasnifu na mahojiano ya Kimakonde

Safu ya leo ni ya wanaofanya uzamili na uzamivu wa utafiti katika nchi isiyo yao: watu wa Mtwara na Lindi walioko ng'ambo au wanaojiandaa kwenda, na wageni waliokuja kutafiti kwetu. Maswali tumeyafupisha.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu, Masasi. Chuo kimoja cha Uingereza kimenikubali kwa uzamivu kwa sharti la IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, 6.5, na kila sehemu isipungue 6.0. Jumla nimepata 6.5, lakini kuandika nimeambulia 5.5. Nifanyeje?

Marahaba, mwalimu. Alama ya jumla ni wastani wa sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kwako sehemu nyingine zimeibeba jumla, ila sharti la kila sehemu linasimama peke yake, na hapo ndipo ulipokwama. Unaweza kuomba usahihishiwe upya. Kunalipiwa, kuna siku ya mwisho, na alama ikipanda unarudishiwa fedha. Kama unajijua kwamba muda ulikuishia, achana na hilo, jiandae kurudia.

Kuandika kuna kazi mbili ndani ya dakika 60. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito mara mbili ya grafu, kwa hiyo dakika 20 kwa 40 ndiyo hesabu yake. Wengi hugawa nusu kwa nusu, na insha inakatika njiani. Kosa la pili ni kuorodhesha kila namba iliyomo kwenye grafu bila sentensi inayosema picha kubwa ni ipi: nini kimepanda, nini kimeshuka, nini kimebaki palepale. La tatu ni utangulizi wa kukariri. Msahihishaji anautambua mara moja, na haukupi kitu.

Njia nyingine ni kuuliza chuo kama kina kozi ya Kiingereza ya kabla ya masomo, ile ya wiki kadhaa wakati wa kiangazi cha kwao. Ukienda njia hiyo, viza hudai IELTS ya UKVI, yaani inayotambuliwa na idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Maswali ni yaleyale, ila kituo lazima kiwe kimeidhinishwa. Na unapolipia, hakikisha ni Academic, si General Training. Matokeo hudumu miaka 2, basi usifanye mapema mno kabla hujajua utaanza lini.

Niko Lindi mjini kwa likizo. Msimamizi wangu amenirudishia sura ya pili akiandika kwamba "lugha inahitaji kazi". Kuna kijana anahariri kwa malipo ya kila ukurasa. Nimpe?

Usimpe bado. Msimamizi akisema lugha ina shida, mara nyingi amechoka kutafuta hoja ilipo, na mhariri wa koma hataitafuta kwa niaba yako.

Chapa sura nzima. Pembeni mwa kila aya andika sentensi moja, kwa Kiswahili, inayosema aya hiyo inadai nini. Ukishindwa kuiandika, aya haina dai. Ifute au ihamishe. Ukihitaji sentensi mbili, ikate mara mbili. Aya mbili zikipata sentensi ileile, ziunganishe. Kisha soma zile sentensi za pembeni peke yake kuanzia juu hadi chini. Zisipofuatana, hakuna sarufi itakayoziokoa. Sura ya maneno 8,000 ina aya kama 40 au 50, hiyo ni kazi ya jioni mbili.

Halafu tazama dai limekaa wapi. Sisi tumelelewa kusalimia, kuzunguka, kuuliza hali za nyumbani, ndipo tukataja kilichotuleta. Mtahini wa Uingereza anataka kilichokuleta kiwe sentensi ya kwanza ya aya, ushahidi ufuate. Kwenye mapitio ya maandiko usipange watu foleni, fulani wa mwaka huu alisema hivi, fulani wa mwaka ule alisema vile. Anza na jambo lenyewe, majina yaingie mabanoni.

Sarufi inakuja baada ya hapo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili masahihisho mengi huangukia mahali pamoja: vile vineno vinavyotangulia nomino za Kiingereza, ambavyo sisi hatuna, nyakati kuchanganyika, na kiwakilishi cha mwanamume kupewa mwanamke. Pitia masahihisho ya msimamizi, orodhesha makosa yanayojirudia, kisha pita kwenye sura ukitafuta kosa moja kwa kila pito. Kutafuta yote kwa pamoja huacha mengi.

Chuo chako karibu hakika kina kitengo cha uandishi wa kitaaluma, na kwa kawaida kwa mwanafunzi ni bure. Usipeleke sura nzima. Peleka kurasa mbili au tatu, maoni ya msimamizi, na swali moja, kwa mfano: "Kwa nini aya hii hainyooki?" Hawakai kukusahihishia kila mstari, wanakufundisha. Kwa uzamivu nenda mwaka wa kwanza, kabla ya tathmini ya kukuthibitisha. Anayekwenda mwaka wa tatu hukuta tabia zake za uandishi zimeshakomaa.

Yule kijana sasa. Soma kanuni za chuo kuhusu wahariri, mjulishe msimamizi kwa maandishi, na mwambie kijana afanye kazi ndani ya faili linaloonyesha kila badiliko. Tahajia, alama za uandishi na sarufi, sawa. Akianza kukuandikia hoja upya, hilo ni kosa la kitaaluma, na kwenye utetezi utaulizwa kuhusu sentensi usizozijua.

Na jambo moja la pembeni: msimamizi wa Kiingereza akikuandikia "pengine ungefikiria kupunguza sehemu hii", anamaanisha ipunguze.

Nasoma Ujerumani, nahoji wakulima wa korosho huku Newala. Wengine wanaongea Kimakonde, wengine Kiswahili, wengi wanachanganya. Tasnifu ni ya Kiingereza. Nitafsiri mahojiano yote?

Hapana. Piga hesabu kwanza. Rekodi ya saa moja hula saa 4 hadi 6 za kunukuu, yaani kuandika kila kilichosemwa, hata kwa anayeijua lugha vizuri. Mahojiano 30 ya saa moja moja ni saa 120 hadi 180, na bado hujatafsiri neno. Ukitafsiri yote utamaliza miezi, halafu uchambuzi utaufanya juu ya Kiingereza chako badala ya maneno ya mkulima.

Nukuu kwa lugha iliyosemwa, chambua humohumo, kisha tafsiri vipande vitakavyoingia kwenye tasnifu tu, na maneno ya asili uyaweke kando yake au kwenye kiambatisho. Ila mapema kabisa mtafsirie msimamizi mahojiano mawili au matatu kamili aone unavyochambua, maana asipoona atakuja kushtuka mwishoni. Kwa Kimakonde, tafuta msaidizi wa hukohuko Newala. Kimakonde cha upande wa Msumbiji kina tofauti zake. Vipande utakavyonukuu mpe mtu wa pili, asiyehusika na mahojiano, avirudishe kutoka Kiingereza bila kuona asili. Panapoachana, kaeni watatu.

Kuna maneno yasiyofaa kutafsiriwa kwa neno moja. "Kangomba" ukiiita "biashara" umeua jambo zima: ni kununua korosho kwa mkulima kwa bei ya kutupa, nje ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mfumo wa stakabadhi ghalani, na ni kinyume cha sheria. Iache ilivyo, ieleze mara ya kwanza inapotokea. Na kwa kuwa ni kinyume cha sheria, usitaje AMCOS wala kijiji karibu na nukuu yake, kwani watu wa pale watamtambua aliyesema.

Mitego midogo: "saa tatu asubuhi" iwe 9, "yeye" haionyeshi jinsia, basi andika jinsia ya anayetajwa papo hapo, usisubiri kukumbuka, ekari usizibadili ziwe hekta bila kuzidisha kwa 0.4. Na miezi ya Oktoba hadi Desemba mtu yuko shambani anaokota. Atakukubalia mahojiano kwa adabu na kukujibu kwa mkato.

Mimi ni Mjerumani, nafanya uzamivu kuhusu lishe ya watoto, niko Mikindani. Kiswahili changu ni cha darasani. Nianzie kijijini au ofisini?

Ofisini, na si ya Mikindani. Mgeni anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na huko utatakiwa kuwa na mshirika wa Tanzania. Kwa kuwa suala lako ni la afya, unahitaji pia kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Ukaazi ni daraja C, kutoka Uhamiaji. Ndipo barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Ukiruka ngazi moja, mwenyekiti atakukaribisha vizuri, atakupa kiti na dafu, na hutahoji mtu siku hiyo. Kama utapeleka sampuli nje ya nchi, mkataba wa kuzihamisha ni shughuli nyingine, uanze mapema.

Kuhusu lugha, dodoso lililotafsiriwa Berlin lisomee kina mama 5 hadi 10 wa hapo kabla ya kuanza. Usiwaulize kama wameelewa, watakuambia ndiyo. Waambie wakueleze swali kwa maneno yao. Na mkubwa mwamkie "shikamoo" kabla ya kutoa karatasi.

Nipo Kilwa, nafanya uzamivu chuo cha nje kuhusu Vita vya Majimaji. Msimamizi anasema bila Kijerumani sifiki. Nina miezi minane tu.

Msimamizi ana haki. Vita vya 1905 hadi 1907 vilianzia Umatumbi, na maandishi ya waliovizima ni ya Kijerumani: mafaili ya ofisi ya makoloni yako Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin, fungu R 1001, na mengine ya utawala yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam. Lakini hujaambiwa uzungumze. Tafuta kozi ya kusoma Kijerumani kwa watafiti. Haina mazungumzo ya sokoni, inakupeleka kwenye muundo wa sentensi na kitenzi kinachojificha mwishoni. Miezi minane inatosha kwa kuelewa ripoti iliyopigwa chapa ukiwa na kamusi.

Kinachokwamisha watu ni mwandiko. Barua za mkono za wakati ule ziko katika Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Tenga wiki kadhaa kwa herufi zake tu, ukizinakili kwa mkono wako. Macho hufuata mkono. Programu ya Transkribus husoma mwandiko huo na kukupa rasimu, ila majina ya watu na vijiji vyetu huyavuruga. Hapo wewe wa Kilwa una faida kuliko mashine.

Usisahau pia barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Waliosoma madrasa wa hapo kwako ni walimu wazuri, na hawako mbali.

Nachingwea: Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi, imenipa asilimia 27. Nimekwisha?

Asilimia hiyo ni ya maneno yanayofanana na maandiko mengine. Wizi ni suala jingine. Ondoa marejeo na nukuu kwenye hesabu, kisha tazama kila kipande chenye rangi. Jina la sheria au maelezo ya kawaida ya mbinu, acha. Aya nzima iliyobadilishwa maneno matatu, andika upya huku umefunga chanzo. Hata 8 inaweza kuwa mbaya kama yote ni aya moja. Na usipakie mahojiano ya watu kwenye programu za akili bandia ili zikuandikie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Nimerudi Mtwara miezi sita kukusanya data, chuo kiko Uingereza. Vikao na msimamizi vinapotea.

Kwanza hakikisha chuo kimeidhinisha safari yako kwa maandishi. Ndicho mdhamini wa viza yako. Siku mbili kabla ya kikao tuma ukurasa mmoja: ulichofanya, kilichokwama, maswali matatu. Mtandao ukisumbua, zima picha mbaki na sauti. Siku hiyohiyo mwandikie mlichokubaliana, hata kama ni mistari mitano. Kikao kiwe saa 11 jioni ya hapa: kwao ni saa 8 mchana majira ya baridi na saa 9 majira ya joto. Saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo wiki hizo thibitisha upya.