Baiskeli ya mota inachoka mlimani: anza na betri

Mkuu, umesema baiskeli yako ya 36V wati 350 inaishiwa nguvu ukirudi Kimara toka Posta na unataka ununue mota ya wati 1000. Usiinunue peke yake aisee. Nguvu ni volti mara ampea, yani 36V na kontrola (kile kiboksi kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota) ya ampea 15 inatoa wati 540 tu hata ufunge mota kubwa kiasi gani, ila ukihamia 48V na kontrola ya ampea 22 unavuka wati 1000, kwahiyo hela nyingi weka kwenye betri, chukua ya 20Ah (ampea-saa, yani ujazo wa betri) yenye seli nzuri na BMS, ile sakiti inayolinda betri, ya ampea 30, hiyo kwenda kazini na kurudi inatosha. Kontrola ya zamani ya 36V usiichomeke kwenye betri hiyo mpya, lithiamu ya 48V ikijaa inafika volti 54.6, unaweza kuiunguza.

Ila nakuomba sana, angalia ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu. Mota iliyo ndani ya gurudumu inapovuta inalazimisha ekseli izunguke kwenye fremu, yangu ilizunguka asubuhi moja nikiwa kwenye mwendo ikakata waya zote, namshukuru Mungu nyuma hapakuwa na daladala. Funga vile vyuma vya kuishika isizunguke, pande zote mbili, na fremu iwe ya chuma sio aluminiamu. Breki za raba kwa spidi hiyo hapana, weka diski mbele kwanza ndo uguse mengine.

Na betri chaji ukiwa macho, mbali na godoro.