Elbe haugandi Novemba

Dada uliyeuliza kama mto Elbe pale Hamburg, Ujerumani, huganda Novemba: la, haugandi. Mwisho wa Novemba utazikuta feri za Hamburg zinafanya kazi kama kawaida. Nilikaa huko majira mawili ya baridi: mchana ni nyuzi 3 hadi 7 hivi, manyunyu na upepo. Linaloganda ni ziwa la Alster katikati ya mji, tena Januari au Februari, na si kila mwaka.

Aliyekujibu hapo juu kwamba mto ule hauna bamvua amekosea. Bahari iko mbali, kama kilomita 100, lakini maji hujaa na kupwa pale mjini zaidi ya mita 3, sawa na tulivyozoea hapa Lamu. Dhoruba ya kaskazini-magharibi ikiyasukuma, uwanja wa soko la samaki, Fischmarkt, huingia maji. Februari 1962 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 300, kwa hiyo ukisikia onyo usiende kupiga picha ukingoni.

Jitayarishe zaidi kwa kiza. Jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kutua saa 10 jioni na dakika chache, saa ambayo sisi huku mtaani Mkomani, Lamu, ndiyo kwanza tumetoka kuswali alasiri. Panda feri namba 62 pale kwenye gati la Landungsbrücken kabla ya adhuhuri. Tiketi ya kawaida ya basi na treni za mjini inatosha. Koti lisilopitisha upepo ni lazima, sweta peke yake haifai kitu.